Picha Zirudi Nyumbani: Tunavyotengeneza Picha za Vipande vya Mbao

(Haya ni maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na kwa marafiki wanaochangia miradi yetu. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo, nacho kiko hapa mkononi mwangu. Ni ubao wenye picha ya darasa la watoto wadogo, uliokatwa vipande 12. Ninaupitisha kwenye viti ili kila mmoja aushike, auvunje na aupange tena wakati mimi nikiendelea. Ombi langu ni moja tu: vipande vinaondoka kwangu vikiwa 12, naomba virudi vikiwa 12. Baadaye mtaelewa kwa nini nasisitiza hesabu.

Kitu chenyewe ni nini

Picha ya vipande ni picha iliyobandikwa juu ya ubao mwembamba, kisha ubao huo ukakatwa kwa mistari ya kupindapinda ili vipande vishikane. Mtoto huvichanganya, halafu hutafuta kila kimoja kinakokaa. Wengi wenu mmeona za karatasi ngumu na za plastiki zinazouzwa Kariakoo, zenye katuni au majumba ya nchi za baridi. Hii mliyoshika inatofautiana nazo kwa jambo moja. Watoto waliomo kwenye picha ndio hao hao wanaoicheza.

Kazi hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1760, mchoraji ramani wa London aliyeitwa John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao, akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akaziuza kwa ajili ya kuwafundishia watoto jiografia. Kwa hiyo tangu mwanzo hiki kilikuwa kifaa cha kufundishia. Baadaye, mwaka 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, Roma. Alipenda vifaa vya mbao ambavyo mtoto akikosea, kifaa chenyewe kinamwonyesha kosa. Ndivyo ilivyo hapa. Kipande kikiwekwa mahali pasipo pake hakikai. Mwalimu hana haja ya kufoka, wala mtoto hana haja ya kuona aibu mbele ya wenzake. Anajaribu tena.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Katika vituo vyetu vya watoto, uji tunaujua na kliniki tunaijua. Hilo la ujifunzaji mara nyingi huishia kwenye ubao wa chaki na kukariri kwa sauti. Mtoto wa miaka minne anahitaji kitu cha kushika.

Swali la mama mmoja

Sasa niseme ukweli unaonihusu mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa pia kupiga picha. Kila robo mwaka ripoti inahitaji picha. Tunafika kituoni, watoto wanapangwa mstari, wanaambiwa watabasamu, tunapiga, gari linaondoka. Picha zinakwenda kwenye ripoti, kwenye jarida kama hili na kwenye kalenda za marafiki wa ng'ambo.

Siku moja nikiwa Chamazi, mama mmoja alinisalimu vizuri sana, kisha akaniuliza, "Mtumishi, ile picha ya mwanangu uliyopiga mwaka juzi, ilifika wapi?"

Nilijua ilikofika. Ilikuwa kwenye jalada la ripoti yetu, na ripoti ile ilisifiwa. Kwake haikufika. Mama yule hakuwa na picha hata moja ya mtoto wake akiwa na umri ule, na mimi ninazo kwenye kompyuta zaidi ya ninazoweza kuhesabu.

Hapo ndipo wazo la kazi hii lilipotokea. Tulikuwa na picha ambazo hazijawahi kurudi kwa wenyewe, na tulikuwa na vijana waliojifunza useremala wakikaa bila kazi siku nyingi za wiki. Huko Keko, ambako samani nyingi za mji huu hupita, kuna mabaki ya plaiwudi yanayotoka kwenye makabati. Tukasema tuviweke pamoja vitu hivi vitatu, tuone.

Kosa tulilolifanya

Sitawaficha kwamba tulianza kwa kosa. Tuliwaomba walezi walete picha wanazozipenda wao wenyewe, si zetu tu. Bibi mmoja, anayelea wajukuu, alileta picha ya studio ya binti yake aliyefariki. Binti amekaa kwenye kiti, mtoto wake amesimama pembeni, mkono wa mama uko begani kwa mtoto. Nyuma kuna pazia lenye maua. Wengi wetu tuna picha ya namna hiyo nyumbani.

Fundi aliipokea pamoja na nyingine. Hakuna aliyemwambia atoe nakala kwanza. Kuandika maelekezo ilikuwa kazi yangu, na sikuyaandika. Akabandika picha yenyewe, akakata vipande 12, na kwa kweli alikata vizuri. Mjukuu aliifurahia mno. Wiki ya pili kipande kimoja kikapotea, nacho ni kile chenye bega la mtoto na mkono wa mama. Tulifagia darasa, tulitafuta chini ya makabati, tuliwauliza watoto mmoja mmoja kwa upole. Hakikuonekana.

Nilikwenda kwa bibi kuomba radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ndiyo iliyokuwa moja, mwanangu." Nilikaa pale nikanywa chai yake, na sikuwa na neno la kumjibu.

Fundi alichonga kipande cha mbao tupu kikakaa kwenye lile tundu, na tukaipeleka picha studio ikapigwa ilivyo. Bibi anayo ukutani. Kipande kile cha mbao bado kinaonekana.

Ninawasimulia hili kwa sababu wengine wametangulia kujua uzito wa jambo hili kuliko sisi. Huko Uganda, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kiitwacho NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwasaidia akina mama kuandaa vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika habari za ukoo na za kuzaliwa kwa mtoto, akabandika na picha, ili mtoto asije akabaki bila kujua ametoka wapi. Akina mama wale walijua kwamba kwa mtoto aliyefiwa, picha ni sehemu ya urithi. Ndugu zangu, urithi wa mtu hatuukati kwa msumeno.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: tunakata nakala, na ya asili inarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Picha hupigwa au huskaniwa mbele ya mlezi, naye huondoka na picha yake mkononi. Kama siku hiyo hatuna kifaa cha kunakili, picha haipokelewi. Anaambiwa aje siku nyingine.

Namna ya kutengeneza

Sasa nawaeleza kazi yenyewe kwa wale watakaotaka kuianza kwenye sharika zao.

Kwanza, kuchagua picha. Picha nzuri kwa kazi hii ni yenye vitu vingi na rangi mbalimbali. Anga kubwa tupu au ukuta mweupe humchosha mtoto, maana vipande vyote vinafanana. Tunasafisha nakala studio kwa ukubwa wa inchi 6 kwa 8. Tafadhali msitumie picha za printa ya wino wa majimaji kama hamjazijaribu. Ukigusa kwa kidole chenye jasho, wino unatoka, na watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Picha iliyosafishwa kwa mashine ya studio huvumilia zaidi.

Pili, ubao. Tunatumia plaiwudi ya milimita 4 hadi 6. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 hutoa mbao 44 za ukubwa wa karatasi ya A4. Kila seti inahitaji mbao 2, moja ya picha na fremu, nyingine ya kitako. Kwa hiyo shiti moja inatoa seti 22. Mkipata mabaki, chagueni yaliyonyooka. Ubao uliopinda kwa unyevu hautanyooka kwa gundi.

Tatu, kubandika. Ubao unapigwa msasa namba 120, kisha 220, na vumbi linafutwa lote. Punje moja ya vumbi itaonekana kama kipele kwenye uso wa mtoto. Gundi nyeupe ya mbao inapakwa nyembamba na kwa usawa, picha inalazwa katikati ya ubao na kusukumwa kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Juu yake wekeni karatasi safi, ubao mwingine na matofali mawili matatu. Iacheni usiku kucha. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tunaacha siku mbili, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam haikaushi gundi haraka. Vijana wetu waliharakisha mara moja, na picha zikainuka pembeni zote.

Nne, kukata. Fundi anatoboa tundu dogo kwenye kona ya picha, anapitisha bledi nyembamba ya msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde, na kuizunguka picha nzima. Kinachobaki nje ni fremu, nayo inabandikwa juu ya kitako. Hapo trei imepatikana bila kununua kitu kingine. Kisha picha inakatwa mistari ya kulala kwanza, halafu ya kusimama. Picha iangalie juu na meno ya msumeno yavute kwenda chini, ili mbao ikichanika ichanike upande wa nyuma. Mistari ichorwe kabla, na isipite kwenye macho ya mtu. Watoto wenyewe ndio waliotufundisha hili. Waliona vibaya uso wa mwenzao kukatwa katikati.

Tano, idadi ya vipande. Kwa mtoto wa miaka mitatu, vipande 4 vinatosha. Kwa miaka minne hadi sita, 6 hadi 12. Kwa darasa la kwanza na la pili mnaweza kuongeza kidogo. Kipande chochote kisiwe kidogo kuliko sentimita 4 kila upande, kwa usalama wa wadogo zao wanaoweza kumeza. Kingo zote zipigwe msasa laini, na juu mpake vanishi ya maji mara mbili. Nyuma tunaacha mbao ilivyo, hatupaki rangi tusizozijua.

Sita, alama. Nyuma ya kila kipande andikeni namba ya seti. Kama ni seti ya 7, vipande vyote vina 7. Seti kumi zikichanganyika sakafuni bila alama, mmepoteza seti kumi.

Hesabu ya vipande

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kituo kina daftari moja na mtu mmoja wa kutunza, ambaye si lazima awe mwalimu. Kwenye kituo kimoja ni mama anayepika uji. Yeye hufungua kabati asubuhi na kulifunga mchana. Watoto wakimaliza wanapanga picha ndani ya fremu. Fremu ikijaa, hesabu imekamilika, hata kwa mtoto asiyejua kuhesabu. Kukiwa na tundu, wote wanatafuta kabla ya kwenda nyumbani.

Kwa kuwa nakala ya picha tunayo, kipande kikipotea leo si msiba tena. Fundi anatengeneza kingine. Lakini bado tunahesabu, kwa sababu ninataka kuwaomba wafadhili wetu wasitupime kwa idadi ya seti tulizotengeneza. Kutengeneza ni rahisi, na namba hiyo ingependeza kwenye ripoti. Tuulizeni seti ngapi zimebaki kamili baada ya mwaka mmoja. Hapo ndipo mtajua kama kituo kina mtu anayejali.

Kuhusu kipato

Wajumbe wameniuliza kama vijana wanaweza kuuza picha hizi. Jibu langu lina sehemu mbili.

Picha za watoto haziuzwi, wala hazionyeshwi kama sampuli kwa mteja. Mlezi ametupa ridhaa ya kumtengenezea mtoto wake kifaa, basi. Tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili limevuka adabu, limekuwa la sheria. Fomu ya ridhaa tunayo, ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, nayo husomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma.

Wanachoweza kuuza ni ramani, kama alivyofanya yule bwana wa London. Ramani ya Tanzania ina mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Shule nyingi zinahitaji kifaa cha namna hiyo. Lakini ina ugumu wake. Mkoa wetu wa Dar es Salaam ni mdogo sana kwenye ramani, na mikoa ya Unguja na Pemba ni midogo zaidi. Vijana wameamua kuviacha visiwa vimebandikwa kwenye kitako, na Dar es Salaam kuiacha imeungana na Pwani, ikitofautishwa kwa rangi tu. Watu wa Kinondoni na Temeke mtuwie radhi.

Hata hivyo sitawaahidi kwamba ramani zitawalisha vijana hawa. Seremala anaishi kwa vitanda, milango na makabati. Ramani ni kazi ya siku ambazo kitanda hakijaagizwa, na inamfundisha kijana kukata kwa utulivu. Anayeweza kufuata mpaka wa mkoa kwa msumeno bila kuuvunja, mteja hatamlalamikia kwa droo isiyofunga.

Ninachowaomba

Kwa kamati za sharika, naomba mambo matatu. Mteueni mtu wa kutunza, kwa jina, na aandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mtafuteni fundi wa mtaani kwenu badala ya kusubiri wa kwetu, maana kila mtaa una fundi wa vitanda chini ya mwembe. Na msipokee picha ya mtu kama hamwezi kumrudishia siku hiyo hiyo.

Kwa marafiki mnaotuchangia, naomba msitutumie michezo hii kwa kontena. Tunaithamini nia hiyo, lakini hapa tuna mbao na mikono. Kinachotukwamisha ni gharama ya kusafisha picha, gundi, bledi ambazo hukatika kila wiki, na posho ndogo ya fundi. Na mnapotutembelea, mkapiga picha za watoto wetu kwa simu zenu nzuri, kabla hamjapanda ndege mtuachie nakala. Iandikeni nyuma jina la kituo na tarehe. Sisi tutaifikisha.

Yule mama wa Chamazi alipata yake. Tuliitafuta picha kwenye kompyuta, tukaisafisha mara mbili, moja ya ukutani na moja ya kukatwa. Mtoto alikuwa ameshaanza shule ya msingi, vipande 12 akavimaliza upesi kisha akadai vyenye ugumu zaidi. Mama aliishika ile ya ukutani muda mrefu bila kusema, halafu akamwita jirani aje aone.

Naona ubao wangu umerudi hapa mbele. Nahesabu: 9, 10, 11. Naomba tuangalie chini ya viti kabla hatujaenda kwenye chai.

Kimeonekana. Asante, mama. Vimetimia 12.